Sura ya 9: Kiyoyozi cha Gari na Jinsi ya Kutambua Mahali Panapovuja

Utangulizi

Bila shaka umewahi kupanda gari wakati wa mchana wenye jua kali. Gari likiegeshwa juani huku madirisha yake yamefungwa, hewa iliyomo ndani hupata joto kuliko hewa ya nje. Viti huunguza, na usukani haushikiki. Kwa sababu hiyo, magari mengi ya siku hizi yamewekewa mashine ya kupoza hewa. Mashine hiyo huitwa kiyoyozi.

Tuseme mjomba wako ni dereva wa teksi mjini Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba kiyoyozi cha teksi yake kilitoa hewa baridi. Mwezi wa Januari kikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Mjomba akaenda kwa fundi, akajaziwa gesi, akalipa. Hewa ikawa baridi tena. Lakini kabla ya mwezi wa Februari kwisha, uvuguvugu ulirudi. Abiria wakalalamika, na wengine wakachagua teksi nyingine. Mjomba akasema, "Gesi imeisha tena. Itanibidi nikajaze."

Je, mjomba alisema kweli? Je, gesi ya kiyoyozi huisha kama petroli inavyoisha ndani ya tangi? Ili tujibu maswali haya, yatupasa kwanza tuelewe ubaridi wa kiyoyozi unatoka wapi.

Ubaridi hutoka wapi?

Jaribio la 1

Vifaa: pamba, maji, na spiriti kidogo kutoka katika sanduku la huduma ya kwanza la shule. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu, mbali na moto.

Njia: Lowesha kipande cha pamba kwa maji, kisha pakaa maji hayo juu ya mkono wako wa kushoto. Lowesha kipande kingine kwa spiriti, ukipakae juu ya mkono wa kulia. Punga mikono yako hewani polepole.

Unahisi nini? Mkono upi umekuwa baridi zaidi? Kiowevu kipi kimekauka mapema?

Utaona kwamba mikono yote miwili huhisi baridi, lakini ule wenye spiriti huhisi baridi zaidi, na hukauka upesi. Sababu yake ni hii: kiowevu hakiwezi kugeuka kuwa mvuke bila kupata joto. Spiriti ilipogeuka kuwa mvuke ilichukua joto kutoka katika ngozi yako. Ngozi ilipopoteza joto, wewe ulihisi baridi.

Mtungi wa maji nyumbani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Maji kidogo hupenya katika vitundu vidogo vya udongo, yakafika nje ya mtungi na kugeuka mvuke. Yanapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi hata wakati wa kiangazi.

Kiyoyozi cha gari nacho hupoza kwa kugeuza kiowevu kuwa mvuke. Lakini iko tofauti moja kubwa. Mtungi hupoza kwa sababu unavuja kidogo kidogo, nasi huujaza maji kila siku. Kiyoyozi hakitakiwi kuvuja hata kidogo. Gesi iliyomo ndani yake hutumika tena na tena.

Safari ya gesi ndani ya kiyoyozi

Katika viyoyozi vingi vya magari imo gesi iitwayo R-134a. Gesi hii ina tabia ya ajabu. Maji huchemka yafikapo nyuzi 100 za sentigredi. Lakini R-134a ikiwa katika kiowevu huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, iwapo haikukandamizwa. Maana yake ni kwamba ukiiachia hewani huchemka papo hapo na kutoweka, hata mahali penye baridi kali. Ili ikae katika hali ya kiowevu wakati wa joto, ni lazima ikandamizwe kwa nguvu ndani ya chombo kilichozibwa vizuri.

Nguvu ya gesi inayosukuma kila sehemu ya chombo huitwa kanieneo. Ukijaza upepo katika tairi la gari, kanieneo ndani ya tairi huongezeka, nalo tairi huwa gumu.

Kiyoyozi kina sehemu nne kuu. Gesi huzipitia kwa zamu, kisha hurudi ilikoanzia:

1. Kompresa. Hii ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kompresa huivuta gesi na kuikandamiza. Gesi iliyokandamizwa hupata joto. Unaweza kulihakikisha jambo hili kwa pampu ya baiskeli: jaza upepo kwa haraka, halafu gusa sehemu ya chini ya pampu. Utaihisi ina joto.

2. Kondensa. Hii ni safu ya mabomba membamba iliyowekwa mbele ya rejeta. Hewa ya nje hupita katikati ya mabomba hayo na kuondoa joto la gesi. Gesi inapopoteza joto hugeuka kuwa kiowevu.

3. Valvu ya kutanulia. Hapa kiowevu hupitishwa katika tundu jembamba sana. Kinapotokeza upande wa pili, kanieneo hupungua ghafla, nacho huanza kuchemka.

4. Evaporeta. Hii ni safu nyingine ya mabomba, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Humo ndani kiowevu hugeuka mvuke na kuchukua joto la hewa ya ndani ya gari. Feni huipuliza hewa hiyo iliyopozwa mpaka kwa abiria.

Mvuke ukitoka katika evaporeta hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Sasa linganisha gesi hii na petroli. Petroli huungua ndani ya injini, na moshi wake hutoka nje kwa bomba. Kwa hiyo petroli huisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala hailiwi na chochote. Huzunguka tu. Katika miaka mingi kiasi kidogo sana huweza kupenya katika mipira ya kiyoyozi, lakini gesi ikipungua sana katika miezi michache, jibu ni moja: pako mahali panapovuja.

Basi mjomba alikosea. Gesi yake haikuisha. Ilitoroka. Na kila alipojaza bila kutafuta tundu, alikuwa akimwaga fedha zake hewani.

Tundu dogo hutambuliwaje?

Gesi ya R-134a haina rangi, wala haina harufu ya kutosha kuamsha pua. Haifanani na gesi ya kupikia, ambayo hutiwa dawa yenye harufu kali makusudi ili watu waitambue inapovuja. Tutawezaje basi kukitambua kitu kisichoonekana wala kunuka? Baiskeli itatufundisha.

Jaribio la 2

Vifaa: tyubu ya baiskeli yenye pancha ndogo, pampu, karai la maji, sabuni ya maji, kikombe na brashi ndogo.

Njia: (a) Jaza upepo katika tyubu. Itazame kwa makini. Je, unaweza kuliona tundu kwa macho matupu?

(b) Itumbukize sehemu moja ya tyubu katika karai la maji. Izungushe polepole mpaka sehemu zote zimepita majini. Unaona nini?

(c) Itoe tyubu, uifute, uijaze upepo tena. Changanya sabuni kidogo na maji katika kikombe. Pakaa maji hayo ya sabuni juu ya tyubu kwa brashi. Unaona nini mahali penye tundu?

(d) Sasa toa upepo wote. Pakaa maji ya sabuni pale pale penye tundu. Je, povu linatokea?

Katika sehemu (b) uliona mapovu yakipanda juu. Katika sehemu (c) uliona povu likivimba na kukua mahali pamoja. Hewa inayotoka ilinaswa na ngozi nyembamba ya sabuni. Hatuwezi kulitumbukiza gari ndani ya karai, lakini maji ya sabuni tunaweza kuyapeleka kwenye gari.

Usiisahau sehemu (d). Tundu lilikuwapo, lakini povu halikutokea kwa sababu ndani ya tyubu hamkuwa na upepo wa kulivimbisha. Jambo hili litatufaa hapo mbele.

Si kila tone ni uvujaji

Siku moja utaona maji yakidondoka chini ya gari lililowashwa kiyoyozi. Watu wengi hushtuka na kusema, "Kiyoyozi kinavuja!" Kabla ya kushtuka, fanya jaribio hili.

Jaribio la 3

Vifaa: kikombe cha bati kilicho kikavu, na maji baridi sana au barafu.

Njia: Tia maji baridi katika kikombe. Subiri kwa dakika 5. Pitisha kidole chako nje ya kikombe.

Utaona matone ya maji upande wa nje. Je, kikombe kimetoboka? La. Katika hewa inayotuzunguka umo mvuke wa maji. Mvuke huo ulipogusa bati baridi ulipoteza joto, ukageuka kuwa maji. Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye evaporeta. Mvuke wa hewani hugeuka maji juu ya mabomba baridi, na maji hayo hutolewa nje kwa mpira mdogo chini ya gari. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, maji hayo huwa mengi.

Kwa hiyo maji safi yanayodondoka chini ya gari ni dalili kwamba kiyoyozi kinapoza. Gesi ikivuja haidondoki kama maji. Huchemka na kupotea hewani mara moja.

Tulichunguze gari nyumbani

Kazi hii ifanywe na mtu mzima mwenye gari, nawe uwe msaidizi wake. Usiifanye peke yako kamwe. Gari liwe mahali pa wazi penye hewa ya kutosha, si ndani ya banda lililofungwa.

Hatua ya kwanza: kuhisi na kusikiliza

Mtu mzima aliwashe gari na kuwasha kiyoyozi, naye abaki kwenye usukani. Breki ya mkono iwe imevutwa. Wewe keti ndani, uweke mkono mbele ya matundu ya hewa. Baada ya dakika chache hewa inayotoka yapasa iwe baridi kuliko hewa ya nje. Ukiwa na kipimajoto, pima hewa ya nje, kisha pima hewa inayotoka matunduni. Andika namba zote mbili katika daftari lako.

Ikiwa hakuna hewa yoyote inayopulizwa, yawezekana ni feni iliyoharibika. Ikiwa hewa inapulizwa kwa nguvu lakini si baridi, yawezekana gesi imepungua. Katika magari mengi husikika mlio mdogo, "tak!", wakati kompresa inapoanza kazi. Gesi ikipungua sana, swichi ya usalama huizuia kompresa isizunguke, na mlio huo hausikiki. Lakini hitilafu ya umeme nayo huweza kuuzuia mlio. Kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi. Tuendelee.

Hatua ya pili: kutafuta alama za mafuta

Injini izimwe, na ufunguo utolewe. Subirini mpaka injini ipoe. Kisha mtu mzima afungue boneti.

Pamoja na gesi, ndani ya kiyoyozi yamo mafuta ya kulainisha kompresa. Mafuta hayo husafiri na gesi kila inakokwenda. Mahali gesi inapopenya kutoka nje, mafuta kidogo hutoka pamoja nayo. Gesi hupotea, lakini mafuta hubaki na kunasa vumbi. Ndiyo kusema, gesi huondoka na kuacha nyayo zake.

Fuateni mabomba ya kiyoyozi kwa macho, mkitumia tochi. Anzieni kwenye kompresa, mwende mpaka kondensa, kisha mpaka mahali mabomba yanapoingia ndani ya gari. Tazameni hasa:

(a) viungo vya mabomba, ambamo huwekwa pete ndogo za mpira ziitwazo oringi;
(b) sehemu ya mbele ya kompresa, karibu na gurudumu la mkanda;
(c) kondensa, ambayo hupigwa na vijiwe vya barabarani kwa sababu iko mbele;
(d) mipira iliyochakaa au inayosuguana na chuma;
(e) valvu mbili za kujazia gesi, zenye vifuniko vidogo kama vya tairi.

Mkiona doa lenye mafuta na vumbi, lipanguseni kwa karatasi nyeupe. Lakini msikate shauri upesi. Mafuta ya injini nayo huweza kuruka na kuchafua bomba. Pasafisheni pakauke, gari litumike kwa siku chache, kisha mtazame tena. Doa likirudi pale pale, mna sababu nzuri ya kupashuku.

Hatua ya tatu: kupakaa povu

Changanya sabuni ya maji na maji safi katika kikombe. Povu liwe zito la kutosha kukaa juu ya bomba bila kutiririka lote. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mtu mzima apakae povu kwa brashi kuzunguka kila kiungo. Betri na viungo vya nyaya za umeme visipakwe.

Wakati unaofaa ni mchana, gari likiwa kivulini. Gesi ikipata joto kanieneo yake huongezeka, nayo husukuma kwa nguvu zaidi katika tundu. Siku yenye nyuzi 30, kanieneo ndani ya kiyoyozi kilichojaa sawasawa, injini ikiwa imezimwa, huwa takriban mara tatu ya ile ya tairi la gari dogo.

Subirini kwa dakika kadhaa huku mkitazama kwa utulivu. Tundu kubwa huvimbisha povu mara moja. Tundu dogo hutoa vipovu vidogo vyeupe vinavyokua polepole. Msikanganywe na povu lililotokana na brashi yenyewe: hilo hupasuka na kupungua, lakini povu la gesi huongezeka.

Kwenye valvu za kujazia, mtu mzima aondoe kifuniko taratibu na kupakaa povu juu yake. Pini iliyo katikati ya valvu isibonyezwe hata kidogo. Mkimaliza, oshoeni sabuni kwa maji na kurudisha vifuniko.

Hatua ya nne: kuandika

Mwanasayansi huandika alichokiona. Chora jedwali katika daftari lako lenye safu tatu: "Sehemu", "Alama ya mafuta" na "Povu". Jaza "ndiyo" au "hapana" kwa kila sehemu. Jedwali hilo litamsaidia fundi asipoteze muda.

Tuseme wewe na mjomba mlifanya hivyo. Kwenye kompresa hamkuona kitu. Kwenye valvu hamkuona kitu. Lakini kwenye kiungo cha bomba karibu na kondensa palikuwa na doa la mafuta, na mlipopakaa povu, vipovu vilikua kimoja baada ya kingine. Sasa mjomba anaweza kumwambia fundi, "Tafadhali lifungue bomba hili uiangalie oringi yake." Pete ndogo ya mpira iliyochakaa ndiyo iliyokuwa ikimfukuzia abiria.

Kama hamkuona povu

Je, mkipakaa povu kila mahali msione kitu, mnaweza kusema kiyoyozi hakivuji? Hapana. Ikumbuke sehemu (d) ya Jaribio la 2. Ziko sababu tatu zinazoweza kulizuia povu lisionekane:

1. Huenda gesi yote imekwisha kutoka, na hakuna kinachosukuma.
2. Huenda tundu ni dogo mno kwa povu.
3. Huenda tundu liko mahali pasipofikika, kama vile kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi.

Katika sayansi, kutokuona kitu si ushahidi wa kutosha kwamba kitu hicho hakipo. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapokoma na kazi ya fundi inapoanza.

Njia wanazotumia mafundi

Fundi aliyefunzwa ana vyombo vilivyo bora kuliko povu. Huweza kutia ndani ya kiyoyozi rangi maalumu, kisha akamulika mabomba kwa taa ya miale ya urujuanimno. Mahali panapovuja rangi hiyo hung'aa. Anacho pia chombo cha umeme kinachonusa gesi na kulia inapokuwa karibu. Kiyoyozi kikiwa kitupu, huweza kujaza gesi ya naitrojeni, kisha akapakaa povu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, kwa hiyo haiharibu anga ikitoka.

Baada ya kuziba mahali panapovuja, fundi huondoa hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha hujaza gesi kwa kuipima katika mizani. Kiasi kinachotakiwa huandikwa na watengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ikizidi nayo huleta madhara.

Tahadhari

1. Usifungue nati wala bomba lolote la kiyoyozi. Gesi inayotoka kwa nguvu huchemka juu ya ngozi na kuigandisha. Ikiingia machoni huweza kupofusha.
2. Usichunguze kiyoyozi injini ikiwa inazunguka. Feni na mkanda hukata vidole. Feni nyingine huweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo mikono ikae mbali nazo.
3. Usitumie moto kutafuta gesi. R-134a ikipata moto mkali huvunjika na kutoa gesi zenye sumu, na gesi nyingine mpya za viyoyozi huweza kushika moto.
4. Usiivute gesi puani. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na mahali palipofungwa hufukuza hewa tunayoihitaji kupumua.

Kwa nini gesi isiachwe ivuje?

Mtu anaweza kusema, "Mimi nina fedha. Nitajaza gesi kila mwezi." Lakini gesi inayotoka katika gari la mtu mmoja haibaki kwake. Huingia katika anga la watu wote.

Zamani viyoyozi vya magari vilitumia gesi iitwayo R-12, yenye klorini ndani yake. Mwaka 1974 wanasayansi wawili waliokuwa Marekani, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za namna hiyo zikipanda juu sana huliharibu tabaka la ozoni. Tabaka hilo hutukinga na miale mikali ya jua inayodhuru ngozi, macho na mimea. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua sana. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi mkataba katika mji wa Montreal, Kanada, wa kuziacha gesi hizo hatua kwa hatua. Baadaye nchi zote za dunia ziliukubali mkataba huo, na sasa tabaka la ozoni linarudia hali yake polepole.

Gesi ya R-134a ilichukua mahali pa R-12 katika magari mapya miaka ya 1990. Haina klorini, wala hailiharibu tabaka la ozoni. Lakini ina kasoro nyingine: hulizuia joto la dunia lisitoke. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya gesi hii huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za kabonidayoksaidi. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 1916 + 100, yaani mwaka 2016, mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za aina hii nazo. Magari mengi mapya yanatumia gesi nyingine zisizoongeza joto la dunia kiasi hicho.

Unaona basi kwamba pete moja ya mpira iliyochakaa huwahusu wengi: mjomba na fedha zake, abiria na joto lao, na watoto watakaoishi duniani baada yetu. Usingoje kuwa fundi ndipo uanze kutunza. Jifunze kuuliza, "Ilikwenda wapi?" kila unaposikia kwamba kitu kimeisha.

Muhtasari

Kiowevu kinapogeuka mvuke huchukua joto. Kiyoyozi hupoza hewa kwa njia hiyo, kikitumia gesi inayozunguka bila kuisha. Gesi ikipungua upesi, imevuja. Tunaweza kutafuta mahali panapovuja kwa kuhisi hewa, kutazama alama za mafuta, na kupakaa povu la sabuni. Maji safi yanayodondoka chini ya gari si gesi. Kufungua, kuziba na kujaza ni kazi ya fundi.

Maswali

1. Kwa nini mkono uliopakwa spiriti ulihisi baridi kuliko ule uliopakwa maji?
2. Taja sehemu nne kuu za kiyoyozi cha gari, na ueleze kazi ya kila moja.
3. Eleza tofauti kati ya petroli na gesi ya kiyoyozi katika matumizi yake.
4. Jirani yako ameona maji safi chini ya gari lake, naye anataka kwenda kujaza gesi. Utamshauri nini?
5. Kwa nini mafuta na vumbi kwenye kiungo cha bomba ni dalili ya uvujaji?
6. Kiyoyozi kimoja kilijazwa gramu 600 za gesi. Kila mwezi gramu 50 huvuja. Baada ya miezi mingapi itabaki nusu ya gesi?
7. Povu halikutokea mahali popote. Toa sababu tatu zinazoweza kueleza jambo hilo.

Kazi ya kufanya

Mwombe mwenye baiskeli kijijini au mtaani kwenu akuruhusu kutafuta pancha kwa povu la sabuni badala ya karai la maji. Andika katika daftari lako ni njia ipi iliyolionyesha tundu mapema, na kwa nini. Walete wenzako matokeo yako, mlinganishe.